Kiapo Hakimnasi Mwongo: Stori ya Mbunge Aliyefungiwa Mnarani

Wasee, kabla hatujaanza, beba swali moja kichwani: kiapo kinamzuia nani?

Sio swali la mtego. Sisi wote tumewaona waheshimiwa wakiinua Biblia au Kurani, sauti imekuwa nzito ghafla, kamera zote ziko kwao, Mungu ameitwa awe shahidi. Miaka miwili baadaye jina liko kwenye faili ya kesi na pesa za umma hazijulikani zilipo. Kitabu kiliinuliwa. Maneno yalisemwa yote. Hakuna kilichozuiwa.

Sasa turudi nyuma, London, enzi za Malkia Victoria. Kuna jamaa alichaguliwa kuwa mbunge mwaka wa 1880. Alishinda kihalali. Lakini alikuja kukaa kwenye kiti chake bila vita mwaka wa 1886. Kati ya hapo alifungiwa kwenye mnara, alibebwa juu juu na polisi, koti likaraluliwa, na watu wake walimpigia kura tena na tena na tena. Kosa lake? Alisema ukweli kuhusu kiapo. Akausema kwa barua, na barua ikachapishwa gazetini.

Jina lake ni Charles Bradlaugh.

Mlango wenye kufuli tatu

Kwanza elewa hiki kiapo kilikuwa cha nini. Waingereza hawakukitunga ili kumfanya mbunge awe mwaminifu. Walikitunga ili kufungia watu nje. Baada ya kugombana na Papa, Uingereza iliweka viapo ambavyo Mkatoliki wa kweli hangeweza kuvitamka bila kuikana imani yake. Ukitaka kuingia mjengoni, kana Papa kwanza. Hukani? Nenda nyumbani.

Kufuli ya kwanza ilivunjwa na Waairishi. Mwaka wa 1828 Daniel O'Connell, Mkatoliki, alishinda uchaguzi wa Clare. Serikali ikaona hapa pasipofunguliwa, Ireland itawaka. Sheria ya kuwaruhusu Wakatoliki ikapita 1829. Hata hivyo walimfanyia vitimbi: kwa kuwa alichaguliwa kabla ya sheria mpya, walimtaka aape kile kiapo cha zamani. Alikataa, akarudi kwa wapiga kura, akachaguliwa upya.

Kufuli ya pili ilikuwa ya Wakweka. Hawa dini yao inawakataza kuapa kabisa, kwa sababu Yesu alisema usiape, ndiyo yako iwe ndiyo na siyo yako iwe siyo. Mwaka wa 1833 Joseph Pease aliruhusiwa atoe tamko la dhati badala ya kiapo, akaketi. Kumbuka hilo tamko, tutalihitaji.

Kufuli ya tatu ilichukua miaka 11. Lionel de Rothschild, Myahudi, tajiri wa kutupwa, alichaguliwa na jiji la London mwaka wa 1847. Kiapo kilikuwa na maneno ya kuapa kwa imani ya kweli ya Mkristo. Myahudi ataapaje hivyo? Bunge la chini likipitisha mswada wa kumruhusu, mabwana wa Bunge la juu wanaupiga chini. London ikaendelea kumchagua, naye akaendelea kukaa nje. Mwenzake David Salomons alichoka kungoja: mwaka wa 1851 alikula kiapo akaruka yale maneno, akaketi, akapiga kura. Wakampeleka kortini, faini pauni 500. Rothschild aliapishwa Julai 1858, kichwa kimefunikwa kwa desturi ya Kiyahudi.

Kwa hivyo kufika 1880, Mkatoliki ndani, Mkweka ndani, Myahudi ndani. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: na yule ambaye haamini Mungu yupo?

Kijana wa Hoxton

Bradlaugh alizaliwa 1833 mtaa wa Hoxton, London, baba yake karani wa ofisi ya wakili. Shule aliacha akiwa na miaka 11 akaanza kazi ya kutumwa tumwa ofisini. Mimi niliyeacha chuo katikati nikisoma hapo nilitabasamu kidogo, lakini huyu aliacha mapema kuliko sisi sote, na baadaye akawa anajitetea mwenyewe kortini mbele ya majaji wakubwa bila hata diploma.

Na stori yake ya kuacha dini pia inaanza na barua. Alikuwa kijana anayefundisha watoto kanisani siku ya Jumapili. Akajitayarisha vizuri, akalinganisha Injili na kanuni za Kanisa la Uingereza, akaona mahali hazipatani. Akamwandikia kasisi wake kuuliza. Swali tu. Kasisi hakujibu swali. Alimsimamisha kufundisha na kumwambia babake kwamba mtoto ameanza kuwa kafiri. Mambo yakaharibika hadi kijana akahama nyumbani. Angejibiwa vizuri siku ile, pengine hii historia yote haingekuwepo.

Alipokua akawa msemaji wa kutisha. Alianzisha chama cha kitaifa cha wasio na dini mwaka wa 1866. Alisema wazi hataki ufalme. Mwaka wa 1877 yeye na Annie Besant walishtakiwa kwa kuchapisha kijitabu kinachofundisha kupanga uzazi. Wakahukumiwa miezi sita jela, halafu hukumu ikafutwa kwenye rufaa kwa kasoro ya kisheria. Kwa watu wenye heshima zao wakati huo, huyu alikuwa shetani mwenye kofia.

Lakini kulikuwa na mji mmoja uliompenda: Northampton, mji wa mafundi wa viatu. Aligombea huko 1868, akaanguka. Mwanafalsafa John Stuart Mill, ambaye alikuwa mbunge wa Westminster, alimtumia mchango wa kampeni. Wapinzani wa Mill wakaurukia huo mchango kama ushahidi kwamba naye ni kafiri, na uchaguzi huohuo Mill akapoteza kiti. Bradlaugh akagombea tena 1874, mara mbili, akaanguka mara mbili. Mwaka wa 1880 akapita, pamoja na Henry Labouchere.

Huyu Labouchere mshike vizuri. Naye hakuwa na imani ya kusema. Kila mtu alijua. Alipofika zamu yake aliapa, akabusu kitabu, akaenda kukaa. Hakuna aliyesema neno.

Barua iliyomgharimu miaka sita

Mei 3, 1880 Bradlaugh alifika mezani na karatasi. Alimwandikia Spika kwamba anaomba kutoa tamko la dhati kama Wakweka, kwa sababu sheria za 1869 na 1870 zilishawaruhusu wasioamini kufanya hivyo mahakamani. Ombi la adabu kabisa.

Spika Henry Brand angeweza kuamua mwenyewe. Hakutaka. Alilitupia Bunge, na Bunge likalitupia kamati. Kamati ikagawanyika katikati, na kura ya mwenyekiti ikaamua: tamko haruhusiwi.

Sasa hapa ndipo mambo yanapochacha. Bradlaugh akasema sawa, kama tamko mmenikatalia, nitakula kiapo kama wengine, kwa sababu watu wa Northampton wanahitaji mbunge. Lakini hakutaka mtu aseme kwamba amebadilika kimya kimya. Kwa hivyo akaandika barua ya wazi, nayo ikatoka magazetini. Akaeleza kwamba yale maneno ya mwisho ya kiapo, ya kumwomba Mungu msaada, kwake hayana maana yoyote, ila ahadi yenyewe itamfunga kikamilifu, kama vile tamko lingemfunga.

Soma tena hiyo. Jamaa anasema: nitaitimiza ahadi, ila sitawadanganya kwamba naamini kile nisichoamini.

Kesho yake, Mei 21, alipofika mezani kuapa, mbunge mmoja, Sir Henry Drummond Wolff, akasimama kupinga. Ushahidi wao ulikuwa ile barua. Amekiri mwenyewe! Ataapaje kwa Mungu ambaye amesema hayupo? Lord Randolph Churchill, baba ya yule Winston unayemjua, akasoma maandishi ya Bradlaugh dhidi ya familia ya kifalme kisha akatupa kijitabu sakafuni na kukikanyaga. Drama safi.

Nitakuwa mkweli hapa. Hoja ya wapinzani si ya kijinga. Kiapo ni kumwita Mungu awe shahidi. Kama umeshatangaza kwamba shahidi huyo hayupo, na sisi tunakaa tunakutazama ukimwita, basi sote tunaigiza. Muumini wa kweli ana haki ya kuumia akiona jina la Mungu wake linatumika kama muhuri wa ofisi. Mimi ningeielewa hiyo hoja kabisa, kama wangemwambia: usiape, toa tamko. Lakini tamko ndilo alilokuwa ameliomba kwanza! Ukisema usithibitishe, na usiape pia, wewe hulindi jina la Mungu tena. Wewe unafunga mlango.

Na wengi waliofunga huo mlango hawakuwa wakimfikiria Mungu. Churchill na kikundi chake walikuwa wamegundua kwamba kila Bradlaugh akitajwa, serikali ya Gladstone inatetemeka. Ilikuwa siasa iliyovaa kanzu.

Usiku mmoja kwenye Mnara wa Saa

Juni 22 Labouchere alileta hoja mwenzake aruhusiwe kutoa tamko. Ikaanguka, kura 275 kwa 230. Kesho yake Bradlaugh akaruhusiwa kujitetea akiwa amesimama kwenye ule mpaka ambao mtu wa nje havuki. Alipomaliza wakamwambia aondoke. Akakataa, kwa sababu anaondokaje mahali alipochaguliwa kuwa? Wakamkamata na kumfungia kwenye Mnara wa Saa, ule ambao leo watalii wanaupiga picha. Walimwachilia siku iliyofuata, kwa maana walishagundua wanamtengenezea jina. Yeye ndiye mtu wa mwisho kuwahi kufungwa humo.

Barua za Waziri Mkuu

Sasa kuna mzee mmoja kwenye hii stori ambaye ndiye aliyenifanya niandike. William Gladstone, Waziri Mkuu. Huyu alikuwa mtu wa kanisa hadi kwenye mifupa. Ujanani karibu awe kasisi. Kwa imani ya Bradlaugh alichukizwa, na hakuficha.

Ilikuwa desturi kwamba kiongozi wa Bunge anamwandikia Malkia barua kila usiku kumweleza mjadala umekwendaje, na anajitaja kwa jina lake kana kwamba anamsimulia mtu mwingine. Hebu fikiria: mzee wa miaka 70, usiku umeshakuwa mwingi, bado anamwandikia Malkia ambaye anajulikana wazi hampendi Bradlaugh hata kidogo.

Baada ya ile kura ya Juni 22, Gladstone alimweleza Malkia jinsi washindi walivyoshangilia, furaha ya kupagawa, kiasi kwamba yeye, aliyekaa Bungeni tangu miaka ya 1830, hakumbuki kuona kitu kama hicho. Halafu akamwambia alichokisoma yeye ndani ya zile shangwe: kwamba Bunge limeingia njia ya hatari, na kwamba halifai kwa kazi hii ya kuhukumu dhamiri ambayo limejitwika.

Angeweza kumwandikia Malkia kile Malkia alichotaka kusikia. Hakuandika hivyo.

Na si mara ya kwanza. Mwaka wa 1847, akiwa mbunge wa Chuo Kikuu cha Oxford, mahali palipojaa makasisi, alipiga kura Wayahudi waruhusiwe. Wapiga kura wake wakawaka. Huyu mzee alikuwa na tabia ya kuwatetea watu ambao hakubaliani nao.

Mapambano

Julai 1880 Gladstone alipitisha azimio kwamba yeyote anayedai haki ya tamko alitoe, kwa hatari yake mwenyewe mahakamani. Bradlaugh akalitoa, akaketi, akaanza kazi. Mara moja akashtakiwa na mtu anayeitwa Clarke akidai ile faini ya pauni 500 kwa kupiga kura bila kiapo. Baadaye ikajulikana nyuma ya Clarke kulikuwa na mbunge, Charles Newdegate, aliyeahidi kulipia gharama. Machi 1881 korti ikaamua dhidi ya Bradlaugh. Kiti kikawa wazi.

Northampton wakamrudisha Aprili 1881, kwa kura 132 zaidi ya mpinzani. Bunge likamkatalia. Agosti 3, 1881 akajaribu kuingia kwa nguvu ya haki yake. Polisi na wahudumu wa Bunge wakamkokota ngazi kwa ngazi hadi uani, jitu refu lile, koti limechanika, huku umati wa wafuasi wake ukiwa nje. Aliwaambia wasifanye fujo. Hawakufanya.

Februari 1882 akafanya kile sisi Wakenya tumekipa jina kamili: akajiapisha. Alitembea hadi mezani, akatoa Agano Jipya mfukoni mwake, akasoma kiapo mwenyewe, akabusu, akaweka sahihi. Wakamfukuza. Northampton wakamrudisha tena, tofauti ya kura 108.

Mwaka wa 1883 Gladstone alileta mswada wa kumaliza haya maneno. Hotuba yake ya Aprili 26 bado inasifiwa. Hoja yake, kwa maneno yangu: mmeshaondoa Ukristo kwenye kiapo mlipowaruhusu Wayahudi. Sasa mnabaki kudai mtu aamini mungu fulani, yeyote tu, hata asiyejali binadamu. Mnadhani hapo mmeilinda imani? Na akaonya kwamba dini ikishakuwa fimbo ya kuwanyima watu haki zao, watu hawaichukii fimbo peke yake. Wanaichukia dini pia. Hebu niambie kama hilo halituhusu.

Mswada ukaanguka kwa kura tatu. 292 kwa 289.

Bradlaugh akarudi 1884, akajiapisha tena, akalazimika kutetea kiti tena, na Northampton wakamrudisha kwa tofauti ya kura 368. Ona hizo namba. Kila wakimfukuza wanampa jina. Uchaguzi mkuu wa 1885 akapita tena. Mara ya tano.

Januari 1886 kulikuwa na Spika mpya, Arthur Peel. Bradlaugh akaja na wengine kuapa. Wapinzani wakajiandaa kusimama. Peel akawaambia hawana haki ya kuingilia kati ya mbunge na kiapo chake, wala yeye kama Spika hana. Bradlaugh akaapa. Akaketi. Basi.

Miaka sita ya korti, polisi na chaguzi, na ilimalizwa kwa dakika chache na mtu mmoja aliyekubali kufanya uamuzi ambao mwenzake aliukwepa.

Alichotuachia

Alipoingia hakulipiza kisasi. Alileta mswada, na mwaka wa 1888 ukawa Sheria ya Viapo: mtu yeyote asiye na dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, anaweza kutoa tamko la dhati, popote kiapo kinapotakiwa. Kafiri na Mkweka wakawekwa kwenye sentensi moja.

Alijitoa pia kuipigania India hadi wakamwita mbunge wa India. Januari 27, 1891 Bunge lilikubali kufuta kwenye kumbukumbu zake lile azimio la 1880 lililomzuia. Bradlaugh alikuwa mahututi kitandani, na akafa Januari 30 bila kujua. Kwenye mazishi alikuwepo mwanafunzi mmoja wa sheria, Mhindi wa miaka 21. Jina lake Mohandas Gandhi.

Na sisi je? Fungua Sheria ya Viapo ya Kenya, Sura ya 15. Utakuta kifungu kinachomruhusu mtu asiye na imani ya dini, au ambaye imani yake inamkataza kuapa, atoe tamko la dhati. Yanafanana sana na yale maneno ya Bradlaugh. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Tatu, kuanzia Rais kwenda chini: unaapa au unathibitisha, na maneno ya kumwomba Mungu msaada ni ya yule anayeapa tu. Kifungu cha 32 kinasema hakuna mtu atakayelazimishwa kufanya jambo linalopingana na imani yake. Katiba hiyohiyo inaanza kwa kumtambua Mwenyezi Mungu, na bado imeacha mlango wazi. Hizo ni hekima mbili kwenye kitabu kimoja.

Lakini sheria kwa karatasi ni kitu kimoja. Hebu mwanasiasa wetu mmoja asimame leo aseme, mimi nathibitisha, siapi, uone mitandao itakavyomla mbichi. Kwa hivyo wote wanaapa. Wanaoamini na wasioamini, walioiba na watakaoiba.

Ndio maana narudi kwa Labouchere na Bradlaugh. Wote wawili hawakuamini. Wote wawili walichaguliwa na watu walewale, siku ileile. Aliyebusu kitabu na kunyamaza alipewa kiti. Aliyeandika barua kueleza dhamiri yake alipewa mnara. Kiapo hakikumnasa asiyeamini. Kilimnasa asiyetaka kudanganya. Mwongo hana shida na kiapo. Atakuapia hata vitabu vitatu kwa mpigo ukitaka.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema taifa litapona tukiongeza viapo, maombi na vitabu vya kuinua, muulize kwanza: hicho unachoongeza kitamzuia mwizi, ama kitamzuia tu yule mmoja ambaye angekuambia ukweli?